Jibu: Mtoto haoni ubaoni, mwalimu anasema hana makini

Waalaykum salaam dada. Umesema mwanao wa darasa la sita huko Micheweni, Pemba, anakosea kila akinakili ubaoni na mwalimu kasema hana makini, jirani anataka kukuuzia miwani ya sokoni, na bibi yake anakataza kwa sababu miwani huharibu macho. Nitajibu yote, ila la mwalimu kwanza.

Mtoto asiye makini hukosea popote. Asiyeona mbali hukosea ubaoni, lakini ukimpa kitabu au msahafu mkononi anasoma sawasawa, tena ameusogeza karibu na pua. Mtazame anavyofinya macho kwenye televisheni. Mtazame njiani pia: akipishana na wakubwa na hawaamkii mpaka wamfikie, huenda hakuwatambua. Wengi wameitwa hawana adabu kwa jambo hili.

Kuna kipimo cha nyumbani. Toboa kadi ngumu kwa sindano, tundu la kiasi cha milimita 1. Mchana kweupe, msimamishe mita 6 hivi kutoka kwenye kalenda ya ukutani, afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, jingine lichungulie tunduni. Maandishi yakisafika, basi dawa yake kwa kawaida ni miwani. Yasiposafika hata kidogo, mpeleke hospitali bila kungoja, maana huenda ni kovu, mtoto wa jicho au ugonjwa wa nyuma ya jicho. Kila jicho lipimwe peke yake. Jicho moja zima laweza kuficha ubovu wa mwenzake kwa miaka.

Sasa ashike maandishi madogo na kuyasogeza mbali na uso mpaka yaanze ukungu. Gawa 100 kwa sentimita hizo. Ukungu ukianzia sentimita 50, namba ya miwani yake (nguvu ya lenzi) iko karibu na −2.00, ukianzia 25, karibu na −4.00. Usinunulie miwani kwa hesabu hii, lakini inaeleza kwa nini kumhamishia dawati la mbele hakutoshi. Mwenye −2.00 usafi wake unakatika nusu mita, na dawati la mbele liko mita 2 au zaidi kutoka ubaoni. Herufi zitakuwa kubwa zaidi, ukungu utabaki.

Chanzo kwa watoto wengi ni jicho kurefuka kuliko kawaida, picha ikatua kabla ya kufika kwenye retina, yaani pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha. Urefu wa milimita 1 tu unaleta karibu namba 3. Kwa hivyo karoti hazitalifupisha, na asali, maziwa ya mama au maji ya majani msimtie kabisa. Yanachopeleka jichoni ni vijidudu.

Miwani ya jirani yako karibu hakika ni ya kusomea watu wazima, yaani ya kujumlisha, +1.00 mpaka +3.50. Mwanao anahitaji ya kutoa. Akivaa hiyo, vitu vya mbali vitazidi kupotea. Ni rahisi kuitambua: ishike juu ya mstari wa maandishi uisogeze kulia na kushoto. Maandishi yakienda kinyume na mkono wako na kuonekana makubwa, ni ya kujumlisha. Yakienda pamoja na mkono na kuonekana madogo, ni ya kutoa.

Kabla ya kupanda meli kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ulizia hospitali ya Chake Chake, hapo hapo Pemba, siku za kliniki ya macho. Mtoto hupimwa vizuri zaidi akitiwa matone ya kulegeza jicho, mara nyingi siklopentoleti, kisha hungojwa dakika 30 hadi 45. Bila matone, msuli wa jicho la mtoto unajikaza na namba inatoka kubwa kuliko haki yake. Siku hiyo vitu vya karibu ataviona kwa ukungu mpaka kesho yake na jua litamuumiza, basi mchukulie kofia, wala usimpeleke siku ya mtihani. Lenzi hubadilishwa kwa hatua za 0.25, na inayotakiwa ni namba ndogo kabisa ya kutoa inayompa uoni safi. Mtoto akisema herufi zimekuwa nyeusi zaidi na ndogo zaidi, si kwamba zimesafika, namba imeshazidi. Huyo atarudi nyumbani na kichwa kinachouma.

Karatasi utakayopewa ina safu za SPH (namba kuu ya lenzi), CYL (namba ya kusahihisha mpindo usio sawa wa jicho) na AXIS (pembe ya mpindo huo) kwa kila jicho, na PD, umbali wa mboni hadi mboni kwa milimita. Iwapo PD haikuandikwa, waombe wapime kabla hujatoka. Fundi akikisia, vitovu vya lenzi havikai mbele ya mboni, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo macho yanavyochoka. CYL ikipanda kila mwaka kwa mtoto anayefikicha macho kwa mwasho, tibuni mwasho huo na mwonyesheni daktari, kwa kuwa kufikicha kunaweza kuharibu umbo la kioo cha mbele cha jicho.

Chagua lenzi za plastiki. Za kioo zikipigwa mpira ni hatari. Fremu ikae imara puani. Ikiteleza, ataangalia juu yake na fedha yako imepotea. Hewa yetu ya chumvi inakula skrubu, kwa hivyo iosheni kwa maji baridi na sabuni kidogo, mkaushe kwa kitambaa laini safi. Kuifuta kavukavu kwa pindo la kanga lenye mchanga ndiko kunakoikwaruza.

Bibi mwambieni kwa heshima: namba hupanda kwa sababu mtoto anakua na jicho linarefuka, avae au asivae. Kumpa namba pungufu makusudi hakuzuii. Kinachosaidia hasa kuchelewesha tatizo kuanza ni kucheza nje kiasi cha saa 2 kwa siku, hata kivulini, kwa hivyo wadogo zake wasifungiwe ndani na simu baada ya skuli na chuoni. Mwanao apimwe tena baada ya miezi 6 hadi 12.

Na hilo ulilolitaja mwishoni kwa furaha, kwamba bibi siku hizi anasoma msahafu bila miwani yake ya zamani, lisiwapite. Mzee anayerudiwa na uoni wa karibu huku wa mbali ukififia, mara nyingi ni mtoto wa jicho anayeanza, au sukari imepanda. Mchukueni siku hiyohiyo ya kijana, na apimwe sukari.