Goti Bado Halinyooki, na Moyo Umechoka

SWALI: Asalaam aleykum, wataalamu. Mimi ni beki wa kulia wa timu ya mtaa hapa Tanga. Niligeuka ghafla na mpira, goti likalia "ko!", nikapasuliwa na kuwekewa ligamenti mpya ya mbele, ule ukano wa ndani ya goti wanaouita ACL. Hii ni wiki ya saba. Maumivu karibu yamekwisha, ila goti halinyooki sawasawa na paja limekonda. Wenzangu wakienda Mkwakwani kutazama mechi, mimi najifungia ndani. Kila anayekuja kunijulia hali ananiambia niwe na fikra chanya. Ndiyo nifanye nini hasa? Na nitakimbia lini?
Beki, Chumbageni

JIBU: Waaleykum salaam, mdogo wetu. Pole sana. Wanaokwambia hivyo wana nia njema, ila wamekupa jembe lisilo na mpini. Moyo hautulii kwa kuamriwa. Hutulia ukiona kitu kimesogea, kwa hiyo chukua daftari na futi ya fundi cherehani.

Kazi ya kwanza ni kunyoosha. Kaa mkekani, weka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, uliache goti lishuke kwa uzito wake dakika 10, mara 4 kwa siku. Mto chini ya goti ni mtamu, tunajua, lakini ndio unaolizoesha kubaki limepinda. Kila Ijumaa lala kifudifudi, mapaja yakiwa kitandani na miguu ikining'inia nje kuanzia magotini, mtu apime kisigino kimoja kimekaa juu kuliko kingine kwa sentimita ngapi. Sentimita 1 ni kama digrii moja ya kunyooka inayokosekana. Ikiwa kipimo hakishuki wiki hadi wiki, na mwisho wa kunyoosha unahisi kitu kinagota mbele ya goti, rudi kwa aliyekupasua. Wakati mwingine kovu huota mbele ya ligamenti na kuziba njia, na hilo halitoki kwa mazoezi.

Paja nalo halikukonda kwa uvivu wako. Goti likivimba, neva huuzima msuli wa mbele wa paja. Uamshe: mguu ukiwa umenyooka, kandamiza goti chini mpaka uone pia ya goti ikipanda, shikilia sekunde 5, mara 10, na urudie mara 5 kwa siku. Halafu inua mguu mzima ukiwa umenyooka. Goti likilegea na kupinda kidogo wakati wa kuinuka, msuli bado haujawa tayari, rudi kwenye kukandamiza. Pima mzunguko wa paja sentimita 15 juu ya pia, miguu yote miwili, uandike. Kila asubuhi pima na mzunguko wa katikati ya goti: likiongezeka sentimita 1 kuliko jana, mazoezi ya jana yalizidi. Punguza, usiache.

Tanga baiskeli hazikosekani. Ile Phoenix yenye stendi inayoinua gurudumu la nyuma ni mashine nzuri ya mazoezi: isimamishe uani, pandisha tandiko, mtu aishike mbele, uendeshe bila kwenda popote, dakika 10 kwa kuanzia. Kanyagio likikataa kuzunguka, goti halijafika kukunjika kama digrii 110. Yumbisha mbele na nyuma tu, usilazimishe.

Kukimbia? Bado, na hapa tunakukazia. Ligamenti yako mpya ni kano iliyohamishwa kutoka sehemu nyingine, na mwili sasa unaibomoa na kuijenga upya. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 ni dhaifu, wakati huohuo wewe unajisikia mzima. Wengi huharibu hapo, kwa kuruka mtaro au kukimbilia daladala. Mbio nyepesi zinaweza kuanza baada ya wiki ya 12, kama goti linanyooka lote, halivimbi, na unashuka ngazi kwa mguu huo bila goti kuingia ndani. Ziwe kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, si mchanga wa Raskazone unaousokota mguu.

Mechi si kabla ya kutimiza miezi 9 tangu upasuaji. Utafiti wa wataalamu wa Norway na Marekani uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi miezi hiyo 9 itimie, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Na miezi peke yake haitoshi. Ruka kwa mguu mmoja, pima kwa chaki: mzima ukifika sentimita 150 na mgonjwa 120, hiyo ni asilimia 80, na tunataka 90 au zaidi. Kumbuka mguu mzima nao umelala miezi hiyo yote, hivyo asilimia inaweza kukusifia bure.

Mkwakwani nenda. Kaa na wenzako, hesabu krosi za upande wako. Na ule mgeuko uliokuangusha, uangalie akilini ukiwa umefumba macho, dakika 5 kila siku, ukiumaliza salama. Fizio wako, yule mtaalamu wa mazoezi ya tiba, akikuruhusu, utaufanya kwa kutembea kwanza, kisha kwa kasi. Hofu ya goti haiondoki kwa kusubiri.

SWALI: Binti yangu amepasuliwa goti wiki 2 zilizopita. Kuna mzee anachua vizuri, nimpeleke? Na choo chetu ni cha kuchuchumaa.
Mama, Ngamiani

JIBU: Shikamoo mama. Asichuliwe. Kigimbi kikiuma na kuvimba baada ya upasuaji, huenda damu imeganda ndani, na kuchua kunaweza kulisukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu. Hali hiyo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, kama ilivyo kwa homa, usaha, au kubanwa pumzi. Swala aswali amekaa kitini, mguu mbele. Chooni, fundi amkatie tundu kiti cha plastiki kigumu, na miguu ya kiti aivishe vipande vya tairi, maana plastiki juu ya saruji yenye maji huteleza.