Shangazi anajibu: konda, hela ya mlinzi na kabinti ka jirani

Haya wapendwa, meseji zenu nimezisoma, zingine mara mbilimbili maana zimeandikwa kwa hasira mpaka nukta hazipo. Nimechagua chache, wengine mnivumilie.

Shangazi, mwanangu yuko la nne shule ya serikali huku Mbagala, karudishwa nyumbani mara ya pili kisa hajalipa 5,000 ya mlinzi na mitihani ya wiki. Si walisema elimu bure?

Walisema, na bado ni hivyo. Tangu 2016 ada ilifutwa kuanzia awali mpaka form four, 2022 wakaongeza five na six, na mwalimu mkuu haruhusiwi kumrudisha mtoto nyumbani kisa mchango. Ila mama tuelewane, sare, madaftari, chakula na matibabu bado ni mfuko wako, na mchango unaweza kuwepo kama wazazi mlikubaliana kikaoni na ukapata kibali cha juu, lakini ni wa HIARI. Kiukweli mi siwalaumu sana hao walimu wakuu, ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, narudia kwa mwaka, hebu endesha jiko lako kwa hela hiyo uone. Lakini ndo akabebeshwe mtoto wa la nne? Kesho mpeleke mwenyewe, usimtume na kikaratasi, muombe mwalimu mkuu kwa upole akuonyeshe muhtasari wa kikao kilichopitisha hiyo 5,000. Ukiona anazungukazunguka nenda kwa afisa elimu kata. Kwa upole, nasisitiza, maana ukianza na matusi stori inageuka inakuwa mdomo wako, ya mlinzi inasahaulika.

Shikamoo shangazi. Nipo form two, nakaa Gongo la Mboto, kila siku makonda wanatuacha wanasema denti wamejaa wakati gari tupu. Nikichelewa nachapwa.

Marahaba mwanangu, na nakuamini kwa sababu naona kwa macho yangu. Nauli zilipopanda Desemba 2023 mtu mzima akawa analipa 600 hata njia fupi, nyie mkabaki na 200 yenu, kwa hiyo konda akikuangalia haoni mwanafunzi anaona 400 inayomkimbia. Juzi kituoni, kumi na moja na nusu alfajiri, gari imepitiliza makusudi kama hatua thelathini mbele, watoto wanaikimbilia na mabegi, konda kaziba mlango kwa mguu anaimba "wawili tu, wawili tu", kuna kabinti kakavua viatu kakashika mkononi ili kakimbie vizuri. Kakaikosa. Kakakaa pembeni kakaanza kupangusa soksi taratibu bila kulia, nahisi kameshazoea.

LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, hawaruhusu mwanafunzi kukataliwa kwenye daladala. Andika namba ya gari, njia na saa, mpe mzazi apeleke kwao au kwa trafiki, na mkiandika wanafunzi kumi siku kumi inakuwa kitu kingine kabisa. Mzazi akamwone na mwalimu wa zamu pia, asiye na gari hawezi kuamua muda wa kufika. Nyie abiria mnaosema "achana nao hao wanajaza gari", konda anawasikia nyie kuliko anavyoisikia LATRA.

Na kitu cha mwisho, kama kuna boda anakubeba bure kila asubuhi mwambie mama yako leo leo. Hakuna mafuta ya bure mjini hapa.

Shangazi, jirani yetu Tabata ana dada wa kazi, mtoto kabisa, sidhani kama amefika 13. Anaamka kabla ya adhana, analala wa mwisho, juzi nimeona mkono umevimba. Nikiongea nitaonekana mnoko, na jirani mwenyewe ananikopesha.

Hili nimekaa nalo siku tatu. Kwanza niwaambie, na nyumbani kwetu Temeke alikuwepo wa hivyo. Nilikuwa la tano, yeye tulilingana kimo, alitoka Singida, nilimwita dada kwa sababu niliambiwa nimwite dada. Alikuwa ananinyooshea sare na pasi ya mkaa, anatema mate kwenye kidole anagusa asikie kama imepata moto, halafu naondoka shule yeye anabaki kwenye beseni. Siku moja nimemkuta anafuata herufi kwenye daftari langu kwa kidole, akalifunga haraka kama kaiba. Mama yangu hakuwa mtu mbaya, na hii ndo inanisumbua, hakuna aliyeona kuna kitu cha ajabu, tulikuwa tunasema "tunamsaidia".

Sasa sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, umri wa chini wa kufanya kazi ni 14 na hapo ni kazi nyepesi isiyomkwamisha shule wala kumuumiza, na kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ni marufuku kwa mtoto yeyote. Piga hesabu mwenyewe hako kanakoamka kabla ya adhana. Na sheria hiyohiyo inasema mwanajamii akijua haki ya mtoto inavunjwa ANAWAJIBIKA kutoa taarifa serikali ya mtaa, kwa hiyo unoko wako umeandikwa kwenye sheria, tulia.

Usiende kugombana na jirani, utampa nafasi ya kumficha mtoto au kumpakia basi la usiku arudishwe kimya kimya. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, ulizia afisa ustawi wa jamii wa kata, au piga 116, ni simu ya watoto na ni bure. Mkono uliovimba ni Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, usisubiri wiki iishe. Na akishatoka hapo mkumbushe huyo ustawi kuhusu MEMKWA, ule mpango wa walioikosa shule, unachukua wa miaka 9 mpaka 18, maana kumtoa mtoto kwenye beseni akakae tu kibarazani kwa shangazi mwingine hujamaliza kitu.

Kuhusu mkopo, lipa. Ukope kwingine.

Binti yangu form three kapata ujauzito. Baba yake anataka mwanaume alete mahari yaishe kimyakimya. Shule wanampokea tena kweli?

Wanampokea. Novemba 2021 serikali ilitangaza waliokatisha masomo, wenye mimba wakiwemo, warudi mfumo rasmi wakishajifungua, muda ni miaka miwili. Mwende shule mapema mkaongee na mkuu, msimwache apotee tu kwenye rejesta. Akiona aibu kurudi darasa lile, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima wana njia ya sekondari pia.

Mahari sasa. Mwambie baba taratibu, tena akiwa ameshakula. Kwa Sheria ya Elimu kama ilivyorekebishwa 2016, kumpa mimba au kumuoa mwanafunzi ni miaka 30 jela, na anayesaidia ndoa hiyo ipite naye anashtakiwa, hata kama ndiye baba. Asije akasema sheria ya ndoa ya 1971 inaruhusu miaka 15 mzazi akikubali, kile kifungu Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikipeleka mahakamani akashinda, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono. Na mama, binti mwenyewe mmemuuliza ilikuwaje? Muulize baba akiwa hayupo.

Mwalimu kumchapa mtoto fimbo kumi ni sawa?

Si sawa. Kanuni zinasema zisizidi nne, kwa kosa zito, achape mwalimu mkuu au aliyempa ruhusa kwa maandishi, wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na iandikwe kwenye kitabu. Mi hata hizo nne sizipendi. Omba kitabu.

Hiyo 116 ni ya ukweli au pambo la ukutani?

Ya ukweli, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Mwanangu wa Gongo la Mboto, iandike nyuma ya daftari.