Podi ya Caravan kwa rezini: si lazima uwe na pampu

Mkuu, umeuliza mawili: utaipataje podi (lile kasha refu la mizigo chini ya tumbo) ya modeli ya ndege ya Cessna Caravan ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, wakati seti yako ya kuunganisha imekuja na tumbo tupu, na kama ni lazima uanze na pampu ya vakyumu ya kutoa mapovu kwenye rezini, ile plastiki ya maji inayomwagwa kwenye kalibu ikagande. Hilo la pili halina mjadala. Si lazima. Na ukiamua kununua, ujue kwamba hapa Iringa tuko kama mita 1,600 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa ni takribani kilopaskali 83, si 101 za Dar. Geji ya pampu haitafika pale kijitabu kinapoahidi, hata iwe mpya kabisa. Usije ukairudisha dukani ukidhani umeuziwa mbovu.

Tuje kwenye podi. Kabla hujakata chochote hakikisha seti yako ni Caravan ipi. Ile 208 ya mwanzo ina urefu wa mita 11.46, na 208B, Grand Caravan, ina mita 12.68. Kwa 1/72 hiyo ni milimita 159 dhidi ya 176, kwa hiyo rula tu itakwambia. Podi zao nazo si moja: ya 208 inabeba futi za ujazo 83.7, ya 208B inabeba 111.5. Ukibandika ya moja kwenye nyingine, kila anayezijua ndege hizi ataona kuna kitu hakijakaa sawa.

Hizo futi za ujazo zina faida nyingine. Futi 111.5 ni kama mita za ujazo 3.16. Gawanya kwa 72 mara tatu, unabaki na mililita 8.5 hivi. Yaani podi nzima, ukihesabu na unene wa kuta, ni rezini ya mililita kumi tu. Usikubali kuuziwa galoni.

Vipimo utavitoa kwenye picha. Caravan zinatua Nduli, uwanja wa ndege wa hapa Iringa, na kule hifadhi ya Ruaha kwenye kiwanja cha Msembe zinaingia na kutoka sana msimu wa watalii. Omba ruhusa kwanza, uwanja wa ndege si mahali pa kuibia picha. Simama mbali, ubavuni kabisa, uvute kwa lenzi. Ukisogea karibu pua na mkia vinapinda na vipimo vyote vinakudanganya. Urefu wa ndege unaujua, kwa hiyo kila kitu kingine kwenye picha kinapatikana kwa uwiano. Piga upande wa kushoto, ndiko milango ya podi iliko, na wa kulia pia kwa sababu ya bomba la moshi.

Kipande mama, yaani podi ya mfano utakayoimwagia silikoni ili upate kalibu, ndicho kazi yenyewe. Hapo ndipo pa kutumia wikendi zako. Paini ya shamba la miti la Sao Hill imejaa kila karakana huku na inachongeka vizuri, lakini kwa kazi hii siipendi: mistari ya ukuaji ni migumu, katikati ni laini, ukipiga msasa laini inaliwa na ngumu inabaki imesimama. Rangi haifichi hilo, na silikoni inalinakili lote. Mimi natumia mabaki ya akriliki kutoka kwa mafundi wa mabango, nayaunganisha kwa tabaka, natengeneza umbo kwa tupa, halafu puti ya magari ya kuchanganya na kigumishi, ambayo kila fundi wa bodi anayo. Msasa 240, 400, 800, kisha praima. Praima itakuonyesha mashimo ambayo kidole hakikuyaona. Rudia mpaka isiwe na la kukuonyesha.

Ili mgongo wa podi ukae sawasawa kwenye tumbo, funika tumbo la seti kwa nailoni nyembamba ya kufungia chakula, paka puti juu ya podi, bana, subiri, bandua. Umbo la tumbo linajinakili lenyewe.

Mistari ya milango chora mwishoni, kwa sindano iliyopachikwa kwenye kishikio, ukifuata ukingo wa utepe mgumu wa lebo. Pita kwa wepesi mara nyingi. Pengo la sentimita moja kwenye ndege halisi ni milimita 0.14 kwako, kwa hiyo mfereji mzito ni uongo.

Sasa kwa nini pampu si lazima. Povu linapanda juu. Podi ina uso mmoja ambao hakuna atakayeuona tena, ule unaobanwa na tumbo. Basi gundisha kipande mama kwenye sakafu ya kiboksi kwa uso huohuo, mgongo chini, mwagia silikoni juu. Ikikauka geuza: unapata kalibu ya kipande kimoja, iliyo wazi juu, na mapovu yote yanakimbilia pale utakapopiga msasa. Silikoni imwage kwa uzi mwembamba kutoka juu, kwenye kona moja, iache itambae yenyewe. Rezini ya kwanza paka kwa brashi kwenye mistari, kisha jaza.

Silikoni ya bati (inayogandishwa kwa kichocheo cha bati) ndiyo rahisi na haina maringo. Ile ya platinamu inadumu zaidi, ila salfa inaizuia kukauka: glavu za mpira wa kawaida na baadhi ya udongo wa kufinyangia vinatosha kuiharibu.

Kuhusu rezini, poliyurethani inakauka kwa dakika, lakini inachukia unyevu. Kuanzia Desemba hadi Aprili chupa ikishafunguliwa inanyonya maji ya hewani, na maji yakikutana na kigumishi yanatoa gesi, podi inaumuka kama andazi. Kwa huku nashauri epoksi, ile ya mafundi wa meza. Ni ya polepole, na polepole hiyo inayapa mapovu muda wa kupanda. Tatizo lake ni Juni na Julai, ambapo usiku wa baridi inaweza kukaa siku kadhaa bado inanata. Iweke kwenye boksi lenye balbu ya kizamani, nyuzi 25 hadi 30 zinatosha. Jiko la mkaa hapana, kwa moshi na kwa moto.

Kitu kimoja zaidi kabla hujamwaga: Caravan inasimama kwa gurudumu la mbele, na modeli yake hupenda kukaa kwa mkia, pua juu. Omba vipande vya risasi vya kubalansi tairi kwa fundi, uvizamishe sehemu ya mbele ya podi rezini ikiwa bado mbichi. Uzito unakaa mahali pake bila kutoboa pua.

Kusugua rezini ni kwa maji na barakoa, vumbi lake si la kuvuta. Gundi ya plastiki haishiki hapa, tumia supagluu au epoksi. Masizi paka upande wa kulia wa podi tu, ndiko bomba linakotemea. Na kama unataka podi za wenzako pia, mwaga zote mapema: kalibu ya silikoni ya bati inakakamaa kabatini hata usipoitumia.