Samaki mgeni akishaingia ziwani

Ndugu, umeuliza kwa nini samaki mgeni, yaani asiye wa asili ya ziwa, asivuliwe tu mpaka aishe. Haiwi hivyo. Jike moja kubwa la sangara hutaga mayai kwa mamilioni. Aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zikatoweka, na yeye bado yumo pamoja na uvuvi wote ule. Ziwa Davis, California, Marekani, maafisa walimwaga sumu mwaka 1997 kuua samaki aitwaye paiki. Mwaka 1999 akaonekana tena, na 2007 wakamwaga sumu upya, ikiua hata samaki wasiohusika. Inauma sana.

Kwa hiyo mkazo uwe kwenye kuzuia asiingie. Mlango wenyewe ni mdogo mno: ndoo ya chambo hai. Itazame ukimaliza kuvua. Maji yaliyobaki yanaweza kuwa na vifaranga vyembamba kama sindano, usivione mpaka uinamie kabisa. Yamwage nchi kavu, mbali na maji. Mashua nayo ichomolewe kizibo, maji yote yatoke, na nyavu zikauke kabisa kabla ya kwenda ziwa jingine.

Samaki wa kufuga nyumbani usimwachie ziwani kwa kumhurumia. Mtafutie mtu mwenye tangi.

Ukinasa usiyemjua, usimrudishe majini. Mpige picha na uwaarifu maafisa wa uvuvi siku hiyohiyo, maana wakiwa bado wachache kuna uwezekano wa kuwamaliza.