Jibu: Sauti ya kwanza inashuka katika "Haleluya" ya Handel

Salaam, Mwalimu. Umeuliza kama mshushe ufunguo (kimo cha wimbo mzima) kutoka D hadi C kwa sababu sauti ya kwanza, yaani soprano, inateleza chini pale penye "Mfalme wa wafalme". Kabla ya kugusa ufunguo, ambao mtunzi Handel aliuandikia tarumbeta zenye ufunguo wa D mwaka 1741, chunguza kwanza pumzi. Nota zile ndefu hupanda hatua kwa hatua hadi fa ya juu, na katika kwaya yetu waimbaji wote wa sauti hiyo walikuwa wakivuta pumzi kwa pamoja, kisha wakirudi chini kidogo ya kinanda. Niliwapanga wawili wawili, mmoja avute pumzi katikati ya nota wakati jirani yake anashikilia, nikafanyisha mazoezi kwa sauti ndogo bila maneno. Baada ya majuma mawili walitulia, ila mwendo usiwe wa kuburuta.