CAPE Ikiwa Ndogo, Usiwaambie Wavuvi Anga Ni Salama

Kila msimu wa mvua unapokaribia, vijana wanaojifunza kusoma hali ya hewa huniuliza swali lilelile: kipimo cha CAPE, kile cha nguvu ya hewa kupanda na kujenga mawingu ya dhoruba, kikiwa kidogo, tuwaambie wavuvi waende tu? Mimi husema hapana, kwa sababu hata siku hizo huweza kutokea tonado, yaani upepo mkali unaozunguka chini ya wingu, na nguzo za maji, yaani tonado za juu ya maji. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaandikia watu wa mwalo wa Katosi, kwenye Ziwa Viktoria nchini Uganda, ujumbe wa hali ya hewa, na wengi wanaousoma ni baria, yaani vibarua wa uvuvi, wanaotoka usiku kufuata mukene (dagaa) kwa mtumbwi wa mbao wenye injini moja. Mtu kama huyo ukimwambia anga ni tulivu atakuamini, na jaketi la kuokolea ataliweka nafasi ya mwisho.

CAPE ni makadirio ya nishati ambayo hewa itaipata ikishasukumwa juu na kuanza kupanda yenyewe. Hupimwa kwa jouli kwa kila kilo ya hewa. Chini ya 500, watabiri wengi huona anga ni dhaifu. Ikipita 2,500, kila mtu hukaa macho. Lakini namba hiyo haisemi lolote juu ya mzunguko. Tonado huhitaji hewa inayopanda, ndiyo, ila huhitaji pia kitu cha kuizungusha karibu na ardhi, na hicho utakitafuta kwingine.

Hata Marekani, penye rada nyingi, jambo hili linawasumbua. Katika majimbo ya kusini mashariki, hasa majira ya baridi na usiku, tonado hutokea CAPE ikiwa chini ya 500, kwa sababu upepo wa juu unatofautiana mno na wa chini: mita 18 kwa sekunde au zaidi kati ya ardhini na kilomita 6 juu. Mwaka 2014 watafiti Sherburn na Parker walitengeneza kipimo maalumu kwa siku za namna hiyo. Mawingu yake ni mafupi, radi ni chache, na mzunguko wenyewe ni mdogo na huisha haraka. Rada nayo ina udhaifu wake: mwali wake hupanda kadiri unavyokwenda mbali, na ukiwa umeinuliwa nusu digrii tu, kilomita 100 kutoka kituoni unakuwa umepita karibu kilomita moja na nusu juu ya ardhi. Mzunguko ulioko chini ya hapo hauonekani kabisa.

Sasa usichukue kipimo cha Wamarekani ukakileta Uganda kama kilivyo. Hapa ikweta upepo wa juu siku nyingi hauna tofauti kubwa na wa chini, kwa hiyo kipimo chao kitakuambia kila siku kwamba hakuna hatari. Wengine hufika mbali zaidi, wakasema ikweta haina tonado kwa kuwa dunia haizungushi upepo hapa. Hapo wanachanganya mambo mawili. Vimbunga vikubwa vya bahari ndivyo vinavyohitaji mzunguko wa dunia, na ndiyo maana havizaliwi karibu na ikweta. Tonado ni ndogo mno kuungoja mzunguko huo.

Chanzo chetu hasa ni mistari ambapo pepo mbili hukutana. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka bara kwenda ziwani, na ukikutana na upepo unaotoka upande mwingine, kwenye mpaka wao huzaliwa vizunguko vidogo visivyoonekana kwa macho. Vyenyewe havina madhara. Lakini wingu changa likiota juu ya kimojawapo na kuanza kuvuta hewa juu, kizunguko hurefuka na kuwa chembamba, na kasi yake huongezeka, kama mtu aliye kwenye kiti cha kuzunguka anapokunja mikono kifuani. Watafiti Wakimoto na Wilson waliieleza njia hii mwaka 1989 kwa tonado za Colorado, na ndiyo inayozaa nguzo nyingi za maji, zile ambazo Waganda wa mwambaoni huziita ensoke. Haihitaji CAPE kubwa. Haihitaji hata radi.

Hili ndilo linaloniumiza kichwa, kwa sababu dhoruba kubwa za usiku ziwani angalau hutoa dalili mapema. Mwaka 2016 mtafiti Wim Thiery na wenzake walionyesha kwamba nguvu ya dhoruba za usiku juu ya Ziwa Viktoria inategemea sana yaliyotokea bara mchana uliotangulia. Nguzo ya maji ya siku yenye CAPE ndogo haikupi dalili ya namna hiyo. Inabidi uitafute palepale.

Basi fungua picha za satelaiti ya Meteosat, ambazo huja kila dakika 10 hadi 15, utafute mstari wa mawingu uliosimama mahali pamoja huku upepo ukiwa mdogo. Wingu lililokwisha kumwaga mvua halinitishi sana kwa jambo hili, kwa sababu hewa yake baridi huvunja mzunguko. Ninaloogopa ni lile linalokua, lenye kitako bapa na cheusi, ambalo halijanyesha bado. Na kama umeona chati ya Szilagyi, ile ya nguzo za maji kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, itumie kwa tahadhari kubwa. Inalinganisha joto la maji na joto la hewa kwenye kimo ambako shinikizo la hewa ni hektopaskali 850, yaani karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Superior, mojawapo ya maziwa hayo, liko mita 183. Letu liko mita 1,134, kwa hiyo kimo hicho kwetu kiko mita mia tatu na kitu tu juu ya maji, na tofauti ya joto utakayoipata haiwezi kulingana na yao.

Macho ya wavuvi yana thamani kuliko chati hiyo. Joseph Golden, aliyechunguza nguzo za maji za Florida, alieleza mwaka 1974 kwamba dalili ya kwanza ni doa jeusi juu ya maji, kabla mkia haujashuka kutoka winguni. Kisha huja mistari inayojipinda, halafu duara la maji yanayoruka. Wafundishe baria kulitambua doa hilo. Wafundishe pia kutolichanganya kundi la nzi wa ziwani na nguzo: nzi hupanda kama moshi, huyumba polepole, na chini yake maji hayaruki. Nguzo ikionekana, wakate njia kwa pembe mraba na mwelekeo wake, wasishindane nayo mbio. Nyingi hazifiki dakika 20.

Kuhusu maneno ya ujumbe, epuka "hatari ndogo", kwa sababu msomaji husikia "hakuna hatari". Mimi huandika hivi: "Kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi mawingu yanajipanga kusini mwa kisiwa cha Koome. Mvua huenda isiwe kubwa, lakini nguzo ya maji inaweza kutokea ghafla bila radi. Vaeni majaketi, msiende chini ya wingu jeusi linalokua." Mzee mmoja wa mwaloni aliniambia, "Mwanangu, usiniambie asilimia, niambie niangalie wapi." Tangu hapo kila ujumbe wangu una mahali, saa na kitu cha kuangalia.

Mtu akiona nguzo, mwombe akuandikie saa, upande ilikokuwa, na kama mvua ilikuwa imeanza. Picha ya simu inatosha. Peleka taarifa hizo kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda siku hiyohiyo, hata kama hakuna aliyeumia, ili aliyeko zamu aweze kuzilinganisha na picha ya rada ya saa hiyo.