Kabla Hujakopa Ununue Nyavu za Mtera, Pima Samaki Kwanza

Juzi nimepokea ujumbe wa kijana mmoja wa Bahi. Ameandika: "Dada shikamoo. Nasikia Mtera samaki wamefurika, wanauzwa bei ya kutupa. Kuna watu wako tayari kunikopesha ninunue mtumbwi na nyavu. Unanishauri nianze na shilingi ngapi?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini najua humu mko wengi mnaotaka kutoka kimaisha kama yeye, kwa hiyo nimeona nijibu hapa kila mtu asome.

Marahaba mdogo wangu. Swali la mtaji lisubiri. Uliza kwanza hao samaki waliofurika wana ukubwa gani.

Mimi nanunua samaki kwenye bwawa la Mtera na kuuza Dodoma mjini. Nilianza na ndoo moja ya plastiki kwenye basi la Iringa, kondakta ananisukuma nyuma kabisa kwa sababu ya harufu. Leo nina madeli yangu, nina hoteli zinazonipigia simu wenyewe, na watoto wanasoma kwa hela ya perege na kambale. Mambo ya katikati nayaruka: mbu, kulala mwaloni pale mitumbwi inaposhusha samaki, gari kufia Fufu njiani usiku. Kila mchuuzi anayajua. Ila kuna mwaka mmoja sitaki kuuruka.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema na bwawa likawa linashuka kila wiki. Lazima uelewe kwamba Mtera lilijengwa kwa ajili ya umeme, kutunza maji ya mitambo ya Kidatu, na samaki walifuata baadaye. Likijaa kabisa maji yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na yakishuka hadi 690 mitambo haipaswi kuendelea kuyatumia. Maisha yetu sote pale mwaloni yamo ndani ya hizo mita nane na nusu. Tena bwawa ni pana na kingo zake ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu, ufukwe unakimbia mbali mpaka unachoka kutembea. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mto Ruaha Mkuu wenyewe, unaolijaza bwawa, tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha, kwa kuwa maji mengi yanachukuliwa bonde la Usangu, huko juu, kabla hayajafika chini.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kadiri maji yalivyopungua, ndivyo samaki walivyozidi mwaloni! Mitumbwi ilirudi imejaa, mafungu yanapangwa hadi nafasi inakwisha. Mshirika wangu wa biashara, mtu niliyemwamini kama ndugu, akaanza kuhesabu faida. Akasema tukope, tuache uchuuzi, tuwe na nyavu zetu.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa na akina mama wanaopara samaki. Nikachukua perege asiyezidi kiganja changu, nikampasua. Tumbo limejaa mayai yaliyokomaa, ya njano. Nikachukua wa pili, vilevile. Nikamwonyesha mvuvi mmoja mzee aliyekuwa anashona nyavu pembeni. "Mbukwa, mzee. Huyu mbona ana mayai?" Akamtazama, akamrudisha mkononi mwangu. "Zamani wa hivi alikuwa mtoto," akasema. "Siku hizi ndiye mama."

Nikatembea hadi kwenye tope lililoachwa na maji. Kulikuwa na mashimo ya duara, mapana kama sinia, moja baada ya jingine, makavu, yamepasukapasuka. Ni viota vya perege. Dume huchimba kwenye maji ya kina kifupi, jike hutaga hapo kisha hubeba mayai mdomoni. Maji yalikuwa yameondoka, na vitalu vyao vya kuzalia vilikuwa juani. Samaki waliobaki walikuwa wamebanana kwenye maji machache, ndiyo maana kila wavu ulikuwa unajaa. Nikajua tunavuna akiba ya mwisho.

Nilimwambia mshirika wangu: sikopi. Akaniita mwoga mbele ya wavuvi. Akaenda kuchukua mkopo, ile mikopo ya kausha damu, na akaondoka na hoteli mbili ambazo mimi ndiye niliyezitafuta kwa miguu yangu. Msimu haukuisha vizuri, samaki wakakatika. Nyavu zake zilichukuliwa na waliomkopesha. Mpaka leo tukikutana soko la Majengo anageuza uso, utadhani mimi ndiye niliyekausha bwawa. Inaniuma, sitaficha. Lakini namba zangu zilikuwa sahihi na nitasema hivyo popote.

Miezi ile ya kukaa bila mzigo ndiyo iliyonifanya nisome. Nilitaka kujua kama kuna wengine yaliyowakuta haya, nikakutana na habari za chewa wa Atlantiki, samaki ambaye ini lake linatoa yale mafuta ya samaki tunayowanunulia watoto kwenye maduka ya dawa. Kila mtu anayetaka biashara ya samaki Tanzania aijue habari hii.

Newfoundland, Kanada, watu walivua chewa karibu miaka 500. Jike mmoja mkubwa hutaga mamilioni ya mayai, kwa hiyo wakubwa na wasomi waliamini hawezi kuisha. Mwaka 1883 mwanasayansi maarufu wa Uingereza, Thomas Huxley, alisimama London akasema uvuvi wa samaki huyo haumaliziki. Kisha zikaja meli kubwa zenye viwanda ndani yake. Mwaka 1968 pekee zilitolewa zaidi ya tani 800,000. Wavuvi wadogo wa pwani wakaanza kulalamika miaka ya 1980 kwamba samaki wanapungua na wanakuwa wadogo. Hawakusikilizwa, kwa sababu meli za mbali zilikuwa bado zinajaa.

Na hapa ndipo niliposimama nikaweka simu chini. Meli zilijaa kwa sababu chewa waliobaki walikuwa wamejikusanya pamoja, na meli zina mitambo ya kuwatafuta chini ya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maji ya pale yalikuwa na baridi isiyo ya kawaida, hata samaki wadogo wanaoliwa na chewa wakaadimika. Uvuvi uliopitiliza ukakutana na mwaka mbaya wa hali ya hewa. Tarehe 2 Julai 1992 waziri wa uvuvi wa Kanada, John Crosbie, akafunga uvuvi huo. Watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Walisema ni miaka miwili. Uvuvi wa kibiashara ulifunguliwa tena 2024, kwa tani 18,000 tu.

Waliobaki nao walianza kupevuka wakiwa wadogo. Ukivua wakubwa kila mwaka, wanaobaki kuzaa ni wale wanaowahi kuzaa. Perege wangu wa kiganja!

Usiseme basi tabianchi ndiyo yenye makosa yote. Bahari ikipata joto, chewa wa kusini huumia, kama kule Ghuba ya Maine, Marekani, ambako maji yamepata joto haraka kuliko karibu bahari zote duniani. Lakini Norwei na Urusi, kwenye bahari ya Barents, joto hilohilo liliwafungulia chewa maeneo mapya ya kaskazini, na kwa kuwa nchi hizo mbili zilikuwa zinapanga pamoja kiasi cha kuvua, mwaka 2013 ziliruhusu tani milioni moja. Samaki walipopungua zikakata, mpaka 340,000 mwaka 2025. Zinakata wakati samaki bado wapo. Sisi tunasubiri mpaka mwalo uwe mtupu.

Mvua hatuiamrishi. Kinachoingia majini ni mikono yetu. Kokoro, ule wavu mrefu unaovutwa hadi ufukweni, ni marufuku na kila mtu anajua linakokota mpaka vifaranga, lakini bado linavutwa usiku. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, ni marufuku, lakini zinauzwa. Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa miezi mitatu mwaka 2024 kulikuwa na kelele nyingi, na njaa ya mvuvi naielewa, nimeilala. Ila wewe mchuuzi unayenunua sado ya watoto wa perege kwa sababu ni rahisi, wewe ndiye unayemtuma mwenye kokoro kazini. Angekosa mnunuzi, angeliacha. Tuogope Mungu, jamani. Hawa samaki hatukuwafuga, tumewakuta.

Sasa mdogo wangu, ya kufanya. Nenda mwaloni mwenyewe, usiende na habari za kuambiwa. Pima samaki. Rudi baada ya wiki kadhaa upime tena. Kama wanazidi wingi huku wanapungua ukubwa, na bwawa linashuka, usiingize hela. Waulize wavuvi wanakwenda mbali kiasi gani kulinganisha na mwaka jana. Muulize ofisa uvuvi wa wilaya tundu la wavu linaloruhusiwa kabla hujanunua hata kipande. Halafu pima samaki tena.

Mtumbwi uache kwa sasa. Anza na deli moja, barafu na nauli, ununue wakubwa peke yake. Mimi nimechora alama kwenye mfuniko wa deli langu kwa kalamu isiyofutika, na asiyefika kwenye alama simchukui hata kwa nusu bei. Wavuvi walinicheka mwanzoni, sasa wananitengea wakubwa kabla sijafika.

Na hao wanaotaka kukukopesha wakipiga tena leo, waambie utawajibu mwezi wa nne, mvua zikiisha na ukishaona maji yamefika wapi.